Klachi ya Motokaa na Uaminifu wa Fundi: Somo la Msuguano

UTANGULIZI

Motokaa inapokataa kuingia gia katikati ya safari, tuseme kati ya Bunda na Musoma, mwenye gari hukabiliwa na maswali mawili kwa wakati mmoja. Swali la kwanza ni la ufundi: ni kifaa gani kilichoharibika? Swali la pili ni la kijamii: ni nani aaminiwe kukifungua? Aghalabu maswali haya hutenganishwa. La kwanza huachiwa mafundi, na la pili huachiwa bahati au ushauri wa jirani. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba maswali yote mawili yana jibu moja. Mtu anayeelewa jinsi klachi inavyofanya kazi, hata kama hajawahi kushika spana, anaweza kumwomba fundi ushahidi unaopimika. Na fundi awezaye kuutoa ushahidi huo ndiye anayestahili kuaminiwa.

Jambo hili si dogo. Gari la shule, gari la zahanati, au gari lichukualo pamba na samaki likilala gereji kwa wiki nzima, hasara haimpati mwenye gari peke yake. Tena klachi iko mahali pasipoonekana, baina ya injini na giaboksi. Ili kuifikia, mara nyingi ni lazima giaboksi ishushwe, na kazi hiyo hulipiwa hata kama baadaye itabainika kuwa ubovu ulikuwa mahali pengine.

Ni kweli kwamba magari mengi madogo yaletwayo kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika hubadili gia yenyewe, nayo hayana pedali ya klachi. Hata hivyo malori, mabasi mengi, magari mengi ya kazi za mashambani, na pikipiki zichukuazo abiria bado hutegemea klachi. Kwa hiyo mwanafunzi wa fizikia anaweza kuiona kanuni ya msuguano ikifanya kazi karibu na mlango wa shule yake.

KLACHI NI KITU GANI

Injini ya motokaa haiwezi kuanza kuzunguka kutoka katika utulivu huku ikiwa imebeba mzigo. Lazima kwanza izunguke peke yake, kisha iunganishwe na magurudumu polepole. Vilevile dereva anapobadili gia, lazima injini na giaboksi vitenganishwe kwa muda mfupi. Kazi hizo mbili za kuunganisha polepole na kutenganisha upesi ndizo kazi za klachi.

Klachi ya kawaida ya gari ina sehemu tatu kuu. Ya kwanza ni gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini, ambalo mafundi huliita flaiwili. Ya pili ni sahani nyembamba ya mviringo yenye tabaka la msuguano pande zote mbili. Hii ndiyo klachi pleti, nayo imeshikana na shafti iingiayo katika giaboksi. Ya tatu ni sahani nzito yenye springi, iitwayo presha pleti, ambayo imefungwa kwenye flaiwili na huzunguka pamoja nayo.

Dereva asipokanyaga pedali, springi huikandamiza klachi pleti baina ya flaiwili na presha pleti, mfano wa mkate uliobanwa kati ya viganja viwili. Vyote vitatu huzunguka kama kitu kimoja, na nguvu ya injini hufika kwenye giaboksi. Dereva akikanyaga pedali, kebo au mafuta ya breki yaliyomo ndani ya mrija husukuma wenzo mdogo. Wenzo huo huisukuma beringi ya kuachia, nayo beringi huzilegeza springi. Klachi pleti ikiwa haibanwi tena, injini huendelea kuzunguka peke yake.

Hakuna meno, ndoano wala gundi katika muungano huu. Kinachovuta gari zima, pamoja na abiria na mizigo yake, ni msuguano peke yake.

KANUNI YA MSUGUANO NA HESABU YAKE

Wataalamu wawili wa Ufaransa, Guillaume Amontons mwaka 1699 na Charles Coulomb katika miaka ya 1780, walieleza kanuni ambayo bado hufundishwa mashuleni: kani ya msuguano baina ya nyuso mbili kavu hulingana na kani inayozikandamiza nyuso hizo. Uwiano wa kani hizo mbili unaweza kuitwa kima cha msuguano. Kwa tabaka la klachi lililo kavu na zima, kima hicho hukaribia 0.3.

Mathalani, chukulia klachi ambayo springi zake hukandamiza kwa kani ya nyutoni 4,500, na ambayo tabaka lake la msuguano liko kwa wastani sentimita 9, yaani mita 0.09, kutoka katikati. Klachi pleti hubanwa kwa nyuso mbili. Basi kani kubwa ya kuzungusha ambayo klachi hiyo inaweza kuipitisha ni:

0.3 × 4,500 × 0.09 × 2 = nyutoni-mita 243.

Ikiwa injini ya gari hilo hutoa nyutoni-mita 180 kwa wingi wake, klachi ina akiba ya kutosha, wala haiteremki chini ya mahitaji hata tabaka linapochakaa kidogo.

Sasa chukulia kwamba mafuta ya injini yamevuja kupitia oili sili iliyo nyuma ya injini na kuilowanisha klachi pleti. Springi ni zilezile na ukubwa wa sahani ni uleule, lakini kima cha msuguano kimeshuka, tuseme hadi 0.1. Klachi itapitisha nyutoni-mita 81 tu. Injini inatoa 180. Klachi inaweza kushika 81. Dereva akikanyaga mafuta, injini italia kwa nguvu lakini gari halitaongeza mwendo.

Hesabu hii fupi ina funzo kubwa kwa mwenye gari. Klachi pleti mpya ikifungwa bila kubadili oili sili inayovuja, itateleza kama ile iliyotolewa. Fundi anayetaka kubadili klachi pleti bila kutafuta yalikotoka mafuta hajatibu ugonjwa. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi hii ufa ni oili sili, kifaa kidogo sana kikilinganishwa na gharama ya kushusha giaboksi mara ya pili.

JOTO: ADUI WA KLACHI

Mkoa wa Mara una njia za aina mbalimbali. Barabara kuu itokayo Mwanza hupita Bunda na kuendelea kaskazini hadi Sirari, mpakani mwa Kenya. Pale Makutano tawi moja huelekea magharibi hadi mjini Musoma kando ya Ziwa Victoria, na jingine huelekea mashariki, Butiama, mahali alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922. Nje ya barabara kuu kuna njia za udongo mweusi wa mfinyanzi ambao wakati wa mvua hunata kama ulimbo. Pia kuna vilima, na kuna mteremko wa kuingilia kivuko kiendacho Kinesi. Mahali pote ambapo gari hutembea polepole huku likivuta kwa nguvu, dereva hushawishika kuendesha kwa nusu klachi, yaani kuiacha pedali katikati ili klachi ishike na kuteleza kwa pamoja.

Madhara ya tabia hiyo yanaweza kukadiriwa. Chukulia gari la kilo 2,000, mzigo wake ukiwemo, lililosimama kwenye mlima wenye kupanda mita 1 kwa kila mita 10. Kani ya kulizuia lisirudi nyuma ni nyutoni 2,000 hivi. Kama nusu kipenyo cha gurudumu ni mita 0.33, kani ya kuzungusha inayohitajika kwenye magurudumu ni nyutoni-mita 660. Katika gia ya kwanza, injini ya gari hili huzunguka mara 15 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa hiyo klachi hupitisha nyutoni-mita 44 tu. Hadi hapo yaonekana ni kazi nyepesi.

Lakini dereva amelishikilia gari kwa nusu klachi badala ya breki. Injini inazunguka mara 1,500 kwa dakika, sawasawa na radiani 157 kwa sekunde, hali shafti ya giaboksi imesimama. Gari haliendi mbele wala nyuma, kwa hiyo kazi yote inayofika kwenye klachi hugeuka kuwa joto:

44 × 157 = wati 6,900 kwa makadirio.

Hilo ni joto la majiko ya umeme karibu 7 ya wati 1,000 kila moja, yote yakiwaka ndani ya nafasi iliyofungwa. Katika sekunde 20 joto hilo hufikia jouli 138,000. Ikiwa chuma cha flaiwili na presha pleti kinacholipokea joto ni kilo 10, na kila kilo ya chuma huhitaji jouli 480 hivi ili kupanda digrii moja, basi chuma hicho chote kitapanda karibu digrii 29 za Sentigredi. Dereva akikaa hivyo dakika nzima, kitapanda kiasi cha digrii 86, na nyuso zinazosuguana zitakuwa na joto kali zaidi ya wastani huo. Ndipo harufu ya kuungua husikika.

Kumbe dereva huyo angeweza kuvuta breki ya mkono, ambayo hulizuia gari bila kuteleza na kwa hiyo bila kutoa joto lolote. Klachi nyingi huuawa na mguu wa dereva kabla hazijauawa na umri. Ni haki fundi aambiwe ukweli juu ya namna gari linavyoendeshwa, kwa maana uaminifu ni wa pande mbili.

DALILI NA MAANA YAKE

Dalili za klachi mbovu si za aina moja, na kila dalili huelekeza mahali pake. Mwenye gari anayeweza kuzitofautisha hupunguza sana uwezekano wa kulipia kazi isiyohitajika.

Kwanza, klachi kuteleza. Injini huongeza mzunguko lakini gari haliongezi mwendo, hasa katika gia za juu na katika kupanda mlima. Sababu ni tabaka lililokwisha, mafuta yaliyovujia klachi, springi zilizochoka, au kebo iliyokazwa mno hata pedali haina uhuru wowote.

Jaribio lake ni hili. Gari liwe mahali tambarare na wazi, pasipo mtu mbele wala nyuma, magurudumu yazuiwe kwa mawe, na breki ya mkono na ya mguu zikazwe. Injini ikiwa inazunguka, dereva aingize gia ya tatu na kuiachia pedali ya klachi polepole. Klachi nzima itaishika injini na kuizima mara moja. Injini ikiendelea kuzunguka hali pedali imeachiwa yote, klachi inateleza. Jaribio lifanywe mara moja tu na kwa sekunde chache, kwa kuwa lenyewe huleta joto.

Pili, klachi kutoachia. Gia huingia kwa shida au kwa mlio wa kusaga, hasa gia ya nyuma. Jaribio ni rahisi: injini ikiwa imezimwa, gia zote ziingizwe moja baada ya nyingine, kisha injini iwashwe na gia zijaribiwe tena. Zikiingia kwa urahisi injini ikiwa imezimwa na kukataa ikiwa inazunguka, dalili zaelekea kwenye klachi isiyoachia. Sababu nyingi za ubovu huu ziko nje ya giaboksi: mafuta yaliyopungua, upepo ulioingia katika mrija, mipira ya silinda iliyochakaa, au kebo iliyorefuka.

Tatu, pedali laini au inayozama. Mafuta hayasinyai kwa urahisi yanaposukumwa, ndiyo maana huweza kupeleka kani ya mguu hadi kwenye wenzo. Upepo husinyaa. Mapovu yakiwamo ndani ya mrija, mguu husinyaza mapovu badala ya kusukuma wenzo. Pedali inayopata nguvu baada ya kukanyagwa mara kadhaa kwa haraka ni ishara ya upepo au ya silinda inayovujisha. Tahadhari yapasa itajwe hapa: katika magari mengi mfumo huu hutumia mafuta ya breki pekee. Mafuta ya injini au ya kula huivimbisha na kuiharibu mipira ya silinda. Vilevile mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo chupa iliyokaa wazi kwa muda mrefu haifai.

Nne, gari kutetemeka wakati wa kuondoka. Sababu yaweza kuwa klachi yenye mafuta au sahani iliyopinda kwa joto. Lakini mtetemo kama huo waweza pia kuletwa na mauntini za injini zilizokatika, nazo huonekana bila kushusha kitu.

Tano, mlio. Gia ikiwa huru na injini ikizunguka, mlio unaotokea pedali inapokanyagwa huelekeza kwenye beringi ya kuachia. Mlio unaosikika pedali ikiwa imeachiwa, kisha ukatoweka ikikanyagwa, huelekeza kwenye beringi ya shafti ya giaboksi. Hizo ni kazi mbili tofauti zenye bei mbili tofauti.

MFANO WA KUBUNI

Chukulia gari la shule moja katika Wilaya ya Butiama. Asubuhi gia ya nyuma inasaga. Injini ikizimwa, gia zote zinaingia. Pedali inazama, lakini ikikanyagwa mara nne au tano inapata nguvu na gia inaingia. Jaribio la kuteleza linafanywa na injini inazimika papo hapo.

Fundi wa kwanza anasikiliza maelezo na kusema kwamba klachi imekwisha, giaboksi ishushwe. Fundi wa pili anafungua kikopo cha mafuta na kukuta yamepungua. Analala chini ya gari, anafunua mpira wa silinda ndogo iliyo karibu na giaboksi, na kuonyesha majimaji yaliyovuja. Anabadili mipira, anaongeza mafuta mapya na kutoa upepo. Gia zinaingia.

Si lazima kusema kwamba fundi wa kwanza ni mwizi. Huenda alibahatisha tu, kwa kuwa amewahi kuona klachi nyingi zilizokwisha. Lakini kubahatisha na kudanganya humgharimu mwenye gari sawasawa. Tofauti ya mafundi hao wawili ni kwamba wa pili alianza na jambo lililo rahisi kuonekana, akaonyesha chanzo, na kazi yake ikathibitika kwa jaribio lilelile lililoonyesha ubovu. Huu ndio utaratibu wa sayansi: dalili, dhana, jaribio, na kurudia jaribio.

UCHUMI WA UAMINIFU

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala juu ya soko la magari yaliyokwisha kutumika. Alieleza kwamba muuzaji hujua ubora wa gari lake kuliko mnunuzi. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zuri na bovu hukubali kutoa bei ya wastani tu. Wenye magari mazuri huiona bei hiyo kuwa ndogo na kujitoa sokoni, na soko hubakiwa na magari mabovu. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz, kwa uchunguzi wao wa masoko ambamo upande mmoja hujua zaidi ya mwingine.

Hoja hiyo yafaa pia kwa gereji. Fundi mwangalifu hutumia muda kupima kabla ya kufungua. Kama wateja hawawezi kumtofautisha na fundi wa kubahatisha, watampatana bei ileile, naye atakuwa amepunjwa kwa uangalifu wake. Mwisho ataiacha kazi hiyo, au ataanza kubahatisha kama wenzake. Kwa hiyo mteja asiyejua kuuliza haharibu mfuko wake tu. Huwaondoa mafundi wema mjini. Na mteja ajuaye kuuliza hamdhalilishi fundi mwema, bali humpa nafasi ya kuuonyesha wema wake.

KUMTAMBUA FUNDI WA KUAMINIWA

Mambo yafuatayo yaweza kuangaliwa katika mji wowote, mkubwa au mdogo.

1. Fundi huliendesha gari mwenyewe, au hukaa pamoja na dereva, kabla ya kutaja ubovu.

2. Huangalia sehemu za nje kwanza: mafuta, mirija, kebo, silinda na mauntini. Giaboksi hushushwa mwisho.

3. Hueleza kwa maneno ya kawaida kwa nini anaamini anavyoamini, na hukubali kusema “sijui bado”.

4. Huandika bei ya kazi na bei ya vipuri kwa kutenganisha, pamoja na namba ya usajili wa gari, tarehe, na muda ambao atawajibika kazi ikiharibika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Hurudisha vipuri vya zamani. Klachi pleti iliyokwisha hujieleza yenyewe: tabaka limekaribia vichwa vya ribiti, au limelowa mafuta, au limeungua na kupasuka. Vitabu vya matengenezo vya baadhi ya magari hutaja milimita 0.3 kuwa kina cha chini kabisa kutoka uso wa tabaka hadi kichwa cha ribiti. Kina hicho hupimika, wala hakihitaji kubishaniwa. Siku hizi picha ya simu iliyopigwa kabla ya kufungua na baada ya kufungua yaweza kusaidia pia.

6. Giaboksi ikishashushwa, huchunguza kwa pamoja klachi pleti, presha pleti, beringi ya kuachia, uso wa flaiwili na oili sili, kwa kuwa gharama ya kuvifikia imekwisha kulipwa.

7. Baada ya kazi hurudia majaribio yaleyale mbele ya mwenye gari.

Cheti nacho ni ushahidi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa mafunzo ya ufundi wa magari, na pia ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi waliojifunza kazini bila kupita chuoni. Hata hivyo cheti huonyesha kwamba mtu aliwahi kujua. Daftari na vipuri vya zamani huonyesha kwamba leo amefanya. Yafaa vyote viwepo.

Wajibu wa mteja nao usisahaulike. Anayenunua kipuri cha bandia kwa sababu ya bei nafuu, kisha akamlaumu fundi kinapovunjika, hatendi haki. Kipuri kilinganishwe na cha zamani kabla ya kufungwa: kipenyo, idadi ya meno ya katikati, na unene. Na kazi iliyofanywa vizuri ilipwe kwa wakati wake.

KLACHI DARASANI

Mnamo Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma, ambalo pamoja na kuharakisha elimu ya msingi kwa wote lilisisitiza elimu iungane na kazi. Klachi ni mahali pazuri pa kutimiza wazo hilo bila gharama kubwa.

Vinahitajika vipande vitatu vya ubao vilivyo laini sawasawa, mizani ya springi, na jiwe lililopimwa uzito. Kipande kimoja kiwekwe juu ya kingine, jiwe juu yake, na kile cha juu kivutwe kwa mizani hadi kianze kusogea. Kani iliyosomwa igawanywe kwa uzito wa jiwe na ubao wa juu. Jibu ndilo kima cha msuguano. Kisha vipande vitatu vipangwe, cha juu na cha chini vizuiwe visisogee, na cha katikati kivutwe. Kani inayohitajika itakaribia kuwa maradufu, kwa sababu sasa nyuso zinazosuguana ni mbili. Hii ndiyo sababu ya namba 2 katika hesabu ya klachi. Mwisho, nyuso zipakwe mafuta kidogo na vipimo virudiwe.

Tahadhari moja ni ya lazima. Klachi pleti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake likivutwa huweza kuleta saratani. Mtu asiitambue kwa macho wala asibahatishe. Vumbi la klachi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Wanafunzi wasikwangue wala kupiga tupa klachi pleti kuukuu. Ikiletwa darasani kwa kutazamwa, iwe imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Kanuni ya Amontons husema kwamba msuguano hautegemei eneo la nyuso. Kwa nini basi klachi ya lori ni pana kuliko ya gari dogo? Fikiria nusu kipenyo, joto na kuchakaa.

2. Klachi ya pikipiki nyingi huzunguka ndani ya mafuta, na bado haitelezi. Ikiwa kima chake cha msuguano ni 0.1 lakini ina nyuso 10 zinazosuguana, ilinganishe na klachi kavu yenye kima 0.3 na nyuso 2, kani ya springi na nusu kipenyo vikiwa sawa.

3. Katika mfano wa gari lililoshikiliwa mlimani, joto kwa sekunde litakuwa kiasi gani ikiwa injini itazunguka mara 3,000 kwa dakika badala ya 1,500?

4. Gari linasaga gia ya nyuma, lakini jaribio la kuteleza laonyesha kwamba klachi inashika vizuri. Taja mambo manne ya kuangaliwa kabla ya kushusha giaboksi, na utoe sababu ya kila moja.

5. Tembelea gereji iliyo karibu na shule, kwa idhini ya mwenyewe. Muulize fundi ni jaribio gani huanza nalo anapoletewa gari lenye klachi mbovu. Liandike jibu lake, kisha jadilini darasani: je, jaribio hilo lingeweza kuonyesha kwamba dhana yake ya kwanza ilikuwa na makosa?